Fundi na Taa ya Njano

Magari mengi aliyoyahudumia mwandishi huyu katika kazi yake ya ufundi umeme, Dar es Salaam, yaliletwa kwa shida nyingine kabisa: breki, chaji, kiyoyozi. Ile taa ya njano yenye umbo la injini imewaka tangu lini, mwenye gari hakumbuki. "Hiyo iache tu, fundi, gari si linatembea?" Mwandishi hakukubali kuiacha bila kuisoma.

Kuisoma alijifunza kabla mashine za kupimia hazijaenea mitaani. Toyota nyingi za miaka ya 1990 zina kiboksi cha plastiki chini ya boneti. Unaunganisha TE1 na E1 kwa kipande cha waya, unafungua swichi bila kuwasha injini, kisha unahesabu jinsi taa inavyopepesa. Mara mbili, kituo kifupi, mara mbili tena: namba 22, sensa ya joto la maji. Mara mbili kisha moja: 21, sensa ya oksijeni kwenye ekzosi. Alichuchumaa mlangoni mwa dereva, kalamu mkononi, na hata sasa anaamini hakupata shule bora kuliko hiyo. Taa haikumtajia spea ya kununua. Ilimwonyesha pa kuanzia kutafuta.

Mfumo wa sasa wa namba za hitilafu, OBD-II, ulifanywa lazima Marekani kwa magari ya modeli ya 1996 na kuendelea, na lengo lake lilikuwa hewa safi. Ndiyo maana taa huweza kuwaka dereva asihisi lolote: kompyuta inachunga moshi.

Namba iliyomtia uchungu kuliko zote ni P0420, inayosema masega ya ekzosi hayasafishi moshi ipasavyo. Fundi mwenye haraka huyakata na kuchomea bomba tupu. Masega yenyewe yana platinamu, paladiamu na rodiamu, hivyo yakishakatwa hayakosi mnunuzi, na mwenye gari aghalabu haambiwi hilo. Mwandishi huanza kwingine. Ekzosi inavuja? Plagi zimechoka? Injini inakula oili? Masega mara nyingi hufa kwa maradhi ya injini, na maradhi hayo yasipotibiwa yataua hata mapya.

Ya pili ni P0128, inayosema maji ya injini hayafikii joto linalotakiwa. Mitaani kuna imani kwamba joto la Dar halihitaji themostati, basi inang'olewa na kutupwa. Foleni ya Ubungo haikuonyeshi kasoro. Lipeleke gari Chalinze, upepo upige rejeta: maji yanapoa kupita kiasi, kompyuta inadhani injini ndiyo kwanza inapata moto, inaongeza mafuta. Dereva analalamika gari linakunywa, na anabadilishiwa pampu isiyo na kosa. Mwandishi ameeleza jambo hili kwa wateja wengi, wengine wakiwa na wasiwasi usoni kwa sababu gari ni la biashara na hesabu ya jioni inawasubiri. Kwao aliweka utaratibu mmoja. Taa ikiwaka bila kupepesa, injini ikivuta vizuri na joto likiwa sawa, maliza kazi ya leo, kisha lete gari lipimwe. Ikipepesa huku injini inatetemeka, punguza mwendo, egesha, zima. Silinda fulani haichomi, petroli mbichi inashuka kwenye masega na kuungulia humo, na moto huo unaweza kuyayeyusha.

Ombi analolikataa hadi leo ni la muuzaji anayetaka namba zifutwe asubuhi mteja anapokuja kulikagua gari. Mnunuzi akileta fundi wake na mashine, atakuta vipimo vya ndani vya kompyuta bado havijakamilika, maana kufuta namba hufuta na hivyo. Gari lazima liendeshwe kwanza ndipo virudi. Asiyekuwa na mashine afungue swichi tu bila kuwasha injini. Taa ya njano inapaswa kuwaka hapo, na izimike injini inaponguruma. Isipowaka kabisa, huenda balbu imetolewa au imezibwa, na bei isizungumzwe mpaka dashibodi ifunguliwe.