Mfano Mdogo na Ndege Kubwa: Tafakuri juu ya Filamu ya The Flight of the Phoenix

Filamu ya The Flight of the Phoenix, iliyoongozwa na Robert Aldrich mwaka 1965 kutokana na riwaya ya Elleston Trevor ya mwaka 1964, ina tukio moja ambalo sisi wahakiki wa fasihi tungefaidika kulitafakari. Ndege aina ya Fairchild C-82 imeanguka jangwani Sahara. Heinrich Dorfmann, Mjerumani aliye msanifu wa ndege, amewashawishi manusura wayakate mabaki na kuunda ndege mpya yenye injini moja. Kazi ikiwa imefika mbali, rubani Frank Towns na mwenzake Lew Moran wanagundua kwamba mtu huyu hajawahi kusanifu ndege ya kubeba binadamu. Anachosanifu ni ndege ndogo za mfano.

Dorfmann anajibu kama mtu aliyetukanwa. Anakataa katakata kuhesabiwa miongoni mwa watengenezaji wa vitu vya kuchezea watoto. Mfano wa ndege, kwa hoja yake, hutawaliwa na kanuni zile zile za hewa zinazoitawala ndege kubwa. Tena, kwa kuwa hauna rubani wa kuurekebisha angani, hauna budi kuwa mtulivu kuliko ndege yenyewe. Hoja hii hunivutia kwa sababu inatenganisha mambo mawili ambayo uhakiki wetu huyachanganya chini ya neno moja, mwigo. Mwanasesere hutakiwa kufanana. Mfano hutakiwa kutenda. Motokaa ya waya anayoisukuma mtoto njiani haifanani sana na motokaa, lakini usukani wake hugeuza magurudumu. Tunaposema, kama tusemavyo hadi kuchosha, kwamba fasihi ni kioo cha jamii, tunaipa kazi ya mwanasesere. Dorfmann angetutaka tuulize kama riwaya inaruka.

Hata hivyo, Dorfmann anasema nusu tu ya ukweli. Ukiukuza mfano mara 10 kwa urefu, upana na kimo, eneo la mabawa huongezeka mara 100, ilhali uzito, unaofuata ujazo, huongezeka mara 1,000. Kila sehemu ya bawa, basi, hubebeshwa mara 10 ya mzigo wa awali. Galileo alikwisha kulieleza jambo hili mwaka 1638, alipoonyesha kwamba mifupa ya jitu haiwezi kuwa mifupa ya mtu wa kawaida iliyokuzwa kwa uwiano ule ule. Ukubwa hubadilisha aina. Anayedai kwamba kijiji cha riwaya ni taifa zima kwa udogo wake angepaswa kwanza kutuonyesha hesabu hii.

Na ndege halisi je? Ili filamu ipigwe, ilibidi iundwe ndege ya kuruka kweli. Kampuni ya Tallmantz, ya marubani Paul Mantz na Frank Tallman, ilimtegemea Otto Timm kuiunda Phoenix P-1: mabawa yalitokana na Beechcraft C-45, injini na North American T-6. Haikuwa C-82 iliyokatwa, bali ndege nyingine iliyoumbwa ionekane hivyo. Katika kitabu cha kumi cha Jamhuri, Plato anasema kwamba seremala huiga wazo la kitanda, naye mchoraji huiga kitanda cha seremala. Kwa hiyo msanii yuko mbali na ukweli. Hapa seremala ndiye aliyemwiga msanii. Ndege ya riwaya ilitangulia, na ile ya mbao na chuma ikawa nakala yake. Lakini nakala ilibeba mzigo ambao asili haikuubeba, maana kitabuni ndege haihitaji kuinua chochote ila imani ya msomaji.

Tarehe 8 Julai 1965, katika jangwa lililo karibu na Yuma, Mantz aliishusha P-1 karibu na mchanga kisha aipaishe tena, ili kamera ipate picha ya ndege ikiondoka. Alikuwa akirudia kwa mara ya pili. Ndege iligonga kilima kidogo, ikakatika kiwiliwili na kupinduka. Mantz alifariki, Bobby Rose, aliyekuwa naye, aliumia. Picha zilizobaki zilikamilishwa kwa ndege ya North American O-47.

Siupendi ufasiri unaoyageuza mauti haya kuwa ishara, eti uhalisi umelipiza kisasi kwa ubunifu. Mantz hakuuawa na nadharia. Lakini neno “usadikifu”, tunalolitumia kwa wepesi mno, hapa lilikuwa na gharama: Aldrich alitaka mtazamaji aone ndege, si kimfano kilichoning'inizwa studioni, na ilikuwa lazima mtu airushe. Katika hadithi Dorfmann anathibitishwa. Ndege inapaa, manusura wakiwa wamelala juu ya mabawa, nao wanaokoka. Kisha yanafuata maandishi yanayomkumbuka Mantz. Usomaji unaokoma kabla ya maandishi hayo umeisoma riwaya ya Trevor, haujaisoma filamu ya Aldrich.