Peugeot ya Marehemu Baba na Mizani ya Vyuma Kuukuu

Taja gari la zamani la kufufuliwa na vijana wa leo watakimbilia Ford Mustang na Dodge Charger za Marekani, zile za katika filamu. Ndoto tamu hiyo, ila sheria zetu haziitambui. Gari lililotumika halikubaliwi kuingia Kenya likiwa limezidi umri wa miaka 8, na usukani sharti uwe kulia. Mustang ya 1967 imeanguka mitihani yote miwili. Basi sisi wa huku Bofu, Likoni, tuna farasi wetu wa chuma aliyetoka Ufaransa, naye ni Peugeot 504.

Usicheke. Gari hili lilizinduliwa 1968, na 1969 likatuzwa Gari Bora la Mwaka barani Ulaya. Ove Andersson alishinda nalo Safari Rally mwaka wa 1975, na 1978 Jean-Pierre Nicolas akashinda na lile la milango miwili lenye injini ya silinda sita. Kabla yake, kaka yake 404 alinyakua taji hilo mara tatu mfululizo, 1966 hadi 1968. Lilikuwa likiunganishwa humu humu nchini hadi 2004. Na stesheni wagoni yake, yenye safu tatu za viti, ndiyo iliyosafirisha watu mji hadi mji kabla Nissan hazijaifukuza barabarani.

La marehemu babangu ni stesheni wagoni. Lilitulisha na kutulipia karo, na alipofariki likakaa chini ya mwembe. Sasa, upepo wa bahari haujui heshima. Chumvi huingia kwenye mikunjo ya bati na kutu ikaanzia ndani, nawe ukiwa nje waona rangi imefura kidogo tu, kama kijipu. Fundi wetu wa bodi huligonga bati kwa mpini wa bisibisi akitega sikio: lililo zima hulia, lililooza hukohoa. Chini ya mlango wa dereva bisibisi ilizama yote. Hapo puti si dawa, ni poda juu ya kidonda. Hukatwa bati bovu hadi ulifikie zima, likachomelewa jipya, na rangi ya kuzuia kutu ikapakwa ndani kabla ya nje.

Kakangu mkubwa alitaka tuliuze kwa wanunuzi wa vyuma kuukuu, ambao hupima kwa kilo. Sikumlaumu, ana watoto wawili katika sekondari. Nilimwomba miezi sita tu. Mama hakusema neno, ila siku wanunuzi walipokuja na mizani yao, walikuta ameanika kanga zake zote juu ya boneti. Nani angethubutu kumwanulia mama kanga?

Ugomvi wa pili ulikuwa wa injini. Fundi mmoja kijana alishauri tung'oe iliyopo tutie ya Toyota. Wengi wamefanya hivyo, na wana sababu, maana spea za Toyota zimejaa kila duka. Lakini fundi mzee alinilaza chini ya gari. "Tazama, mwanangu," akasema. Shafti ya 504 haiko wazi. Imo ndani ya bomba la chuma lililokazwa kwenye giaboksi mbele na kwenye difu nyuma. Ukileta giaboksi ngeni, bomba hilo halina pa kushika, nawe utakata hapa na kuchomelea pale. Tena injini mpya sharti iandikishwe NTSA, la sivyo nambari yake na ya kitabu cha gari zitagombana siku ya ukaguzi.

Hii ya zamani ilijengwa ili ifufuke. Silinda zake ni silivu za kuchomolewa: watoa nne, watia nne mpya na pistoni zake, bila kuchonga bloku. Udhaifu wake ni silinda hedi ya alumini. Injini ikichemka, hedi hupinda, maji yakaingia kwenye oili, nayo ikafanana na chai ya maziwa. Yetu ilikuwa hivyo hasa. Nilivuka feri na hedi ndani ya gunia begani kwenda kuisawazisha mjini, abiria wakinipisha kama niliyebeba papa.

Mabadiliko siyakatai. Tumetia feni ya umeme, kwani foleni ya feri hupika injini, na mikanda ya viti hadi safu ya nyuma. Platini tumeziondoa. Lakini anayelishusha 504 likakaribia kuburura tumbo hajui alichonacho; sifa yake ni zile springi ndefu, laini, zinazoyameza mashimo.

Injini sasa yawaka. Lililobaki ni rangi. Kakangu, ambaye siku hizi huja kila Jumamosi na msasa wake mwenyewe, ataka nyekundu. Mimi nataka nyeupe iliyoandikwa katika kitabu cha gari. Bado hatujapatana, na kila jirani apitaye ana rangi yake ya kupendekeza.