Mifupa ya Wazee Wetu

Katika neema alizomkirimia Mwenyezi Mungu mwanadamu, zimo zile ambazo mtu hazikumbuki mpaka zianze kupungua, na mojawapo ni mifupa. Katika Sura ya Maryam twasimuliwa kwamba Nabii Zakaria, amani iwe juu yake, alipomshitakia Mola wake uzee, alitaja kwanza udhaifu wa mifupa, ndipo akataja mvi. Sisi mvi twaziona upesi. Mifupa, kwa kuwa imefichika, hatuijali mpaka ivunjike.

Ama mfupa si kama majabali ya vilima vyetu vya Kiseke, yaliyo vile vile miaka nenda miaka rudi. Ni kitu hai: kila siku mwili huubomoa kidogo na kuujenga tena. Hata kufikia umri wa miaka 30 hivi, ujenzi hushinda. Baadaye mizani hugeuka, na mwanamke akomapo hedhi, mfupa wake hupungua kwa kasi zaidi. Hapana homa wala maumivu. Mara nyingi dalili ya kwanza ni kuvunjika kwenyewe: kifundo cha mkono, pingili za mgongo, au nyonga, ambayo ndiyo nzito kupita zote.

Mama yetu mzazi, aliyekwisha kupita miaka 70, aliteleza uani akienda kutawadha, akaangukia mkono, ukavunjika. Wengi waliokuja kumpa pole walisema, "Ni uzee tu." Lakini daktari alitwambia neno jingine: mfupa wenye afya hauvunjiki kwa mwanguko mdogo kama ule, ukivunjika, yapasa kutafuta sababu.

Kipimo chake kipo. Mtu hulala chali, na mashine hupitisha miale hafifu ya eksirei katika nyonga na sehemu ya chini ya mgongo kwa dakika chache, bila sindano. Matokeo hulinganishwa na mifupa ya kijana mwenye afya. Kwa kanuni ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 1994, alama ya -1 na zaidi ni njema. Kati ya -1 na -2.5 mfupa umepungua, na -2.5 au chini yake ni maradhi. Mashine hiyo haipatikani katika kila hospitali. Hata hivyo daktari aweza kukadiria hatari kwa kuuliza umri, uzito, mifupa iliyovunjika zamani, uvutaji wa sigara, na dawa kama predinisoloni zilizotumiwa kwa muda mrefu.

Mkono ulipopona, ikazuka hoja nyumbani. Baadhi ya ndugu zetu, kwa mapenzi, walitaka mama aketi kitini na kuletewa kila kitu. Sisi hatukuafiki, wala yeye mwenyewe. Alisema, "Wanangu, mkinikalisha nitasahau kutembea." Na ndivyo ilivyo: mfupa hupata nguvu kwa kubeba uzito wa mwili, na usiotumika hukonda. Kumkalisha mzee kutwa ni kuidhoofisha mifupa ile ile tunayotaka kuihifadhi.

Basi tukaondoa vile vimwangushavyo. Tuliweka kishikio ukutani anapotawadhia, tukaikwaruza sakafu iliyokuwa laini, tukatia taa njia ya chooni kwa ajili ya alfajiri. Kila asubuhi hutembea na mjukuu wake. Mezani huwekewa maziwa, na dagaa wa ziwa letu wanunuliwao Mwaloni, Kirumba, maana dagaa huliwa pamoja na miiba yake, na ndimo ilimo kalsiamu. Mnofu wa sangara hauna sifa hiyo. Tena ngozi hutengeneza vitamini D kwa jua, na mwanamke ajisitiriye aweza kuota jua kitambo kidogo ndani ya ua wake, mbele ya maharimu zake.

Nanyi vijana, fahamuni kwamba mfupa wa uzeeni ni akiba iwekwayo ujanani, kwa chakula, mazoezi na kuacha sigara. Na mzee wenu akivunjika kwa mwanguko mdogo, msirudi nyumbani na plasta peke yake. Mwulizeni daktari: mfupa huu umevunjika kwa nini? Kuuliza hivyo ni katika kuwafanyia wema wazazi, na huenda kukaiokoa nyonga yake.

Wabillahi taufiki.