Kiti Chenye Mgongo

Katika ujana wetu pale Kagongwa, kitambi kilikuwa hati ya cheo. Mtu aliyekwenda mjini kufanya kazi ya serikali, kisha akarudi likizo na shingo ileile nyembamba aliyoondoka nayo, wazee walimtazama kwa huruma wakamuuliza kwa upole kama mshahara unamfikia. Bali aliyerudi amejaa mashavu, huyo alisalimiwa kwanza na kupewa kiti chenye mgongo. Nasi tulikitamani kitambi kabla ya kukipata, na tulipokipata tulikibeba kwa fahari kwa muda wa miaka 20.

Ndugu msomaji asidhani kuwa tunafanya mzaha. Unene na wembamba ni mambo ya utamaduni kabla ya kuwa mambo ya mizani, na hili tulifundishwa na mama yetu mzazi, si na mganga.

Kagongwa ni mji mdogo wa mashine za kukoboa mpunga, katika barabara itokayo Isaka kwenda Kahama. Mchana mashine hunguruma, malori hupakia magunia, na vumbi la pumba hutanda juu ya mapaa. Wali, ambao kwa wazazi wetu ulikuwa chakula cha sikukuu, kwetu umekuwa chakula cha kila siku. Ugali wa mtama na wa uwele, pamoja na michembe, vimesukumwa nyuma kama jamaa maskini asiyealikwa harusini. Tena mchele wenyewe twaukoboa hata uwe mweupe kama pamba, pumba zenye nyuzinyuzi na vitamini twawapa kuku, nasi twabaki na wanga. Kwa hakika kuku wa Kagongwa wamenawiri.

Kazi yetu ni ya kukaa kitini, huko Kahama. Saa nne tulikunywa chai na chapati mbili. Sukari vijiko vinne kwa kikombe, vikombe vitatu kwa siku. Kutoka nyumbani hadi kituo cha magari tulipanda pikipiki, mwendo ambao marehemu baba aliutembea na jembe begani bila ya kuuhesabu kuwa ni safari.

Mwaka 2019 mzani wa zahanati ulitupa kilo 98, kwa urefu wa sentimita 168, na shinikizo la damu 160 kwa 100. Tulishikwa na hofu, na mwenye hofu hupenda njia ya mkato. Kwa wiki sita tulikula kabichi na kunywa maji ya ndimu. Kilo 9 ziliondoka, na suruali ikaomba mkanda mwingine.

Hapo ndipo minong'ono ilipoanza. Wenye umri wetu wanakumbuka: mwaka 1983 wagonjwa wa kwanza wa ukimwi nchini waligunduliwa mkoani Kagera, na katika miaka iliyofuata tuliwazika rafiki waliokonda mbele ya macho yetu. Leo mwenye virusi akitumia dawa ipasavyo huishi na mwili wake wote, lakini macho ya watu hayajasahau. Mama hakutuuliza neno. Alichinja kuku, akapika wali wa nazi, akatuwekea maziwa ya mgando, kisha akaenda kulia nyuma ya jiko akidhani hatumsikii.

Tukala. Tukala siku ile na siku zilizofuata, ili mama alale usingizi. Mwili nao ulisaidia, maana uliopungua upesi huzidisha njaa na kubana matumizi yake, kana kwamba umevamiwa na ukame. Kabla ya mwaka kwisha tulikuwa kilo 100.

Mara ya pili, mwanzoni mwa mwaka 2021, tulianza kwa mama. Tulikaa naye chini ya mwembe tukamtajia tarakimu za daktari, tukamkumbusha jinsi baba alivyoanguka kwa kiharusi akiwa na miaka 61. Alinyamaza kitambo. "Mwanangu," akasema, "kumbe ungeniambia tangu mwanzo, nisingekuua kwa kuku."

Tulimsifia vyakula vya zamani, mtama, mlenda na michembe, kwa maneno mazuri ya kishairi. Akatukatiza. Alisema mlenda tunausifu sisi tusioula kwa kukosa; yeye aliula katika njaa ya mwaka 1974, na hakuona utamu wowote ndani yake. Tulitahayari. Wakati wa kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973, na Chakula ni Uhai ya mwaka 1975, taifa lilikuwa likipigana na malaria, kichocho na utapiamlo. Nani angekuwa na wasaa wa kutuonya juu ya kushiba?

Hata hivyo mama alikubali kupika mtama. Sukari tuliipunguza kijiko kimoja kila baada ya miezi miwili, hata ulimi usijue umeibiwa. Nusu ya sahani ikawa mboga. Wali haukufukuzwa, tuliuachia Jumapili na misiba. Kituoni tukaenda kwa miguu; kijana wa pikipiki alituuliza kwa wasiwasi kama serikali imesimamisha mishahara. Tulimweleza kwamba Oktoba 1967 Mwalimu Nyerere alitembea kutoka Butiama hadi Mwanza kuliunga mkono Azimio la Arusha. Akajibu kwamba siku hizo pikipiki zilikuwa chache.

Jumamosi tulirudi katika majaruba na jembe. Msimu mmoja wa harusi uliturudishia kilo 3, na hapo tulikaribia kukata tamaa. Ila safari hii hapakuwa na mfungo wa kuuvunja, palikuwa na chakula cha kesho yake tu, kilekile cha kila siku. Baada ya miaka 3 mzani ulisoma kilo 83, yaani tulipungua chini ya nusu kilo kwa mwezi. Shinikizo sasa ni 130 kwa 82, na kidonge kimoja bado twakimeza.

Katika msiba wa mwezi uliopita tulionyeshwa nafasi kwenye benchi, na kiti chenye mgongo akapewa mfanyabiashara kijana wa mchele, mwenye kitambi kipya. Mama alikuwa upande wa wanawake. Alituona, akajifunika mdomo kwa kanga ili watu wasijue kuwa anacheka msibani.