Betri ya Volti 3

Mgodi wa Shinkolobwe, ulikotoka urani ya bomu la Hiroshima, ulipofungwa kwa amri ya Rais wa Kongo (DRC) mnamo Januari 2004, wachimbaji wadogo waliochimba humo kobalti walitawanyika, na wanunuzi wao nao wakahama. Hapa Likasi zikabaki kompyuta za mtumba zilizotunza hesabu za magunia na majina ya watu wanaodai. Aliyejua neno la siri la kuwashia alikuwa ameshahamia Kolwezi. Ndivyo zilivyoanza kufika mezani kwangu, mimi fundi wa kompyuta.

Kompyuta za mezani za wakati ule zilifunguka kirahisi. Neno la siri lilikaa katika kumbukumbu ndogo ya CMOS, inayolishwa na betri ya duara ya volti 3, CR2032. Nilichomoa waya wa umeme, nikatoa betri, nikangoja dakika kadhaa, nikairudisha. Nyingine zilitaka nihamishe kile kiplastiki kinachounganisha pini mbili kando ya betri. Mashine iliwaka ikiwa imesahau saa, tarehe na neno la siri, lakini mafaili yote yalikuwepo, kwa sababu diski yenyewe haikuwa imefungwa hata kidogo. Mwizi naye angeweza kufanya hivyohivyo. Kwa hiyo kabla ya kushika bisibisi nilisema, "Baba, nionyeshe kwanza kwamba ni yako," na asiye na hati wala shahidi aliondoka nayo ikiwa imefungwa. Sijutii hata mmoja.

Kisha zikaja kompyuta mpakato. Katika ThinkPad, kwa mfano, neno la siri la msimamizi (supervisor) huandikwa kwenye chipu isiyohitaji umeme ili kukumbuka. Utoe betri wiki nzima, halifutiki.

Siku hizi diski yenyewe imesimbwa. Kompyuta nyingi za Windows zina BitLocker, programu ya kusimba diski, mara nyingine imewashwa bila mwenye mashine kujua. Ukiihamishia diski kwenye mashine nyingine, husomi chochote bila ufunguo wa tarakimu 48. Naona ni haki: madeni na majina ya watu hayakustahili kulindwa na betri tu. Ila fundi hana tena njia ya kukuokoa. Basi tafuta ufunguo wako leo, mashine ikiwa bado inafunguka, uunakili kwenye karatasi, na uuweke pamoja na hati za nyumba.