Safari ya Rufiji na Teke la Bunduki Kubwa

Mimi ni karani wa serikali mjini Mombasa, na kwa miaka kumi na miwili bunduki niliyozoea kuiona ni ile ya askari alindaye mlango wa ofisi yetu. Hilo si la ajabu, kwa maana katika nchi ya Kenya uwindaji wa wanyama wakubwa ulipigwa marufuku mwaka 1977, nami nilikuwa sijazaliwa. Lakini marehemu babu yangu, Mtaita wa Voi, alikuwa mbeba bunduki wa wawindaji wa kigeni, akatuachia hadithi nyingi. Alikuwa na neno lake ambalo hatukulielewa: "Bunduki kubwa humpiga mnyama mbele, na humpiga mwenyewe nyuma." Mwaka jana nilikwenda Rufiji, katika nchi ya Tanzania, nikalielewa.

Dada yangu ameolewa huko Kibiti. Nilipopata likizo ya siku ishirini na moja nikafunga safari, nikavuka mpaka kwa Lunga Lunga, nikapita Tanga, nikalala Dar es Salaam, na siku ya pili nikashika njia ya kusini. Ukiuacha mji nyuma huoni tena ila mikorosho, minazi na mihogo, na watoto wakiuza korosho za kukaanga kando ya barabara. Mbele yake ni bonde la mto Rufiji, ambako watu hulima mpunga. Ardhi yao ni nzuri, lakini hulima jirani na kiboko, nyati na tembo, na mkulima wa huko halali usingizi mzito wakati mpunga unapokomaa.

Shemeji yangu hufanya kazi ya kuwaongoza wawindaji katika Pori la Akiba la Selous, ambamo uwindaji wa leseni unaruhusiwa. Usiku wa kwanza, baada ya chakula, alifungua kabati la chuma akanionyesha bunduki yake. Ilikuwa ya mtutu mmoja, ya namba .458, aina iliyotolewa na kampuni ya Winchester ya Marekani mwaka 1956. Risasi yake ina upana wa karibu milimita 12 na uzito wa gramu 32. Ile ya .303, waliyoitumia askari wa King's African Rifles, ilikuwa na uzito wa gramu 11 tu. Basi mtu akifyatua hii moja ni kama amefyatua karibu tatu za zile kwa mara moja.

Nikaishika, nikaisifu sana. Shemeji akacheka kidogo. "Shemeji," akasema, "usiisifu kabla hamjajuana. Kuwa nayo ni kazi kama kufuga ng'ombe wa maziwa. Cheti cha polisi kina tarehe zake. Kabati lazima lifungwe, na risasi zihesabiwe. Hewa ya mtoni huleta kutu, nami huipaka mafuta kila juma, nikiwa na kazi au nisiwe nayo."

Siku ya nne tulikwenda Beho Beho bila bunduki, kwa sababu mahali hapo pamo ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Nyerere, iliyokatwa mwaka 2019 katika pori la Selous, na humo hapawindwi. Ni nchi ya vilima na miombo, yenye joto kali, na twiga husimama kando ya njia wakikutazama kama mahakimu. Chini ya miti liko kaburi la kawaida lenye bamba la maandishi. Hapo amelala Frederick Courteney Selous, Mwingereza aliyeuawa na askari wa jeshi la Wajerumani tarehe 4 Januari 1917, akiwa na umri wa miaka 65. Mwaka 1922 pori lote likapewa jina lake.

Shemeji alinisimulia habari za mtu huyo tukiwa tumekaa kivulini. Katika miaka ya 1872 hadi 1874, huko katika nchi iitwayo Zimbabwe leo, Selous alikuwa kijana, akawaua tembo 78 kwa bunduki za kushindilia baruti kwa mdomo wa mtutu. Kila risasi ilikuwa robo nzima ya ratili. Zilimpiga mateke mabaya mno, na alipokuwa mtu mzima aliandika kwamba anajuta kuzitumia, kwani zilimharibia shabaha yake kwa miaka yote iliyofuata. Bega lilipona, lakini mwili haukusahau.

Kisha akanitajia mwindaji mwingine, W. D. M. Bell, aliyewinda Karamoja katika nchi ya Uganda mwanzoni mwa karne ya 20. Huyu aliwaua tembo zaidi ya 1,000, na wengi wao kwa bunduki ndogo ya milimita 7. Alijua mahali ulipo ubongo wa tembo, na kwa kuwa bunduki yake haikumtisha, aliweza kuituma risasi pale pale. "Lakini usidhani ni ruhusa ya kumfuata nyati kwa bunduki ndogo," akasema. "Akina Bell ni wachache. Sheria yetu inataka isiyopungua namba .375 kwa nyati na tembo, ili mnyama asiende na jeraha."

Nilisikia yote hayo, lakini kusikia si kujua. Tuliporudi nikamwomba nifyatue mara moja. Akaenda kwanza kwa wakubwa kuomba idhini, akaipata, tukaenda uwanja wa shabaha wenye ukingo mrefu wa udongo. Akanifundisha nisimame, nisilale chini, maana anayelala hana pa kurudi nyuma, na bega lake hubeba yote. Akaniambia nikibane kitako begani bila kuacha nafasi, niegemee mbele, na kidole gumba kikae mbali na pua.

Nikafyatua. Sikuusikia mlio kama mlio, bali kama ukuta uliobomoka. Mtutu ulipanda juu, nikarudi hatua mbili, na kofia yangu ikawa chini. Bega lilikuwa kana kwamba limepigwa mchi. Hata hivyo risasi ilikuwa imeingia ubaoni, nami nikatabasamu. Nikafyatua ya pili, ikapita upande. Ya tatu ikachimba udongo hatua tatu mbele ya ubao.

Shemeji hakusema neno. Aliichukua bunduki, akanigeuzia mgongo, akatia risasi, akanirudishia. Nikalenga, nikavuta pumzi, nikabonyeza kifyatulio. Hapakutoka mlio. Alikuwa ametia risasi ya bandia, isiyo na baruti. Lakini mtutu ulikuwa umeanguka chini kwa nguvu, macho yangu yamefumba, na bega langu limeruka mbele kulipokea teke lisilokuja. Vijana wawili waliokuwapo walitazama pembeni kwa adabu. Hofu yangu ilionekana mchana, mbele ya watu.

"Umeona?" akasema shemeji kwa upole. "Si bunduki iliyokosa. Ni wewe uliyeikimbia kabla haijalia."

Ndipo aliponieleza jambo ambalo dada yangu hajapata kunieleza. Mwaka wake wa kwanza wa kumiliki bunduki ile, aliona haya kukiri kwamba anaogopa teke lake. Siku moja akamfyatulia nyati hatua arobaini mbele yake, akashtuka vivyo hivyo, na risasi ikaingia tumboni badala ya moyoni. Nyati akaingia kichakani. Walipomfuata, akatoka ubavuni akampata mfuata nyayo aliyetangulia. Mtu yule yu hai, lakini anatembea kwa gongo, na watoto wake shemeji huwalipia karo mpaka leo. Tangu siku ile, kila jioni huishika bunduki ikiwa tupu, akaifyatua mara ishirini, mpaka mwili wake ukaacha kuruka. Naye huwaambia wageni wanaokuja na bunduki kubwa za fahari: kama huwezi kuitumia hii bila kufumba macho, chukua ndogo ambayo sheria inakubali, na hapana aibu.

Ndugu msomaji, sikurudi Mombasa na pembe wala ngozi. Nilirudi na bega la rangi ya zambarau, lililochukua siku tisa kupona, na neno la babu nikiwa nimelifahamu. Kabla ya safari nilidhani ushujaa ni kushika silaha kubwa. Sasa naona kwamba mtu afichaye hofu yake huitoza gharama kwa mwingine, na mara nyingi mwingine huyo ni yule atanguliaye mbele bila silaha. Wahenga walisema kwamba simba mwenda pole ndiye mla nyama. Siku ya kuagana nilimwona shemeji barazani jua likizama, bunduki tupu begani, akihesabu taratibu: kumi na nane, kumi na tisa, ishirini.