Shahada au Uzoefu? Tuwapime kwa Kazi

Katika jumuiya zetu ndogondogo tunasikia maombi ya aina mbili. Mzazi mmoja anamwombea mwanawe mwenye shahada ya TEHAMA, anayekataliwa kazi kwa kuwa hana uzoefu wa miaka mitatu. Mwingine anamwombea kijana wake anayetengeneza kompyuta sokoni tangu amalize kidato cha nne. Huyu anakataliwa kwa kuwa hana shahada. Tangazo moja la kazi limewafungia mlango wote wawili.

Sisi tunaotunza chumba cha kompyuta hapa seminarini tumefanya kazi na mafundi wa aina zote mbili. Yule wa sokoni, mtandao ukikatika, anakagua waya, kisha swichi, kisha ruta, na kabla ya chakula cha mchana intaneti imerudi. Yule wa chuo kikuu alikwenda polepole zaidi, lakini ndiye aliyetupangia namna ya kuhifadhi nakala za akiba katika jengo jingine, akatueleza na sababu zake. Tuliwahitaji wote.

Shahada inashuhudia kwamba mtu amefundishwa misingi: hesabu, mpangilio wa data, jinsi kompyuta zinavyowasiliana. Uzoefu unashuhudia kwamba amekwisha kukutana na hitilafu zisizo kitabuni. Lakini shahidi si kazi yenyewe. Fundi hujulikana kwa kazi yake.

Wapo walioanza kulitambua hilo. Machi 2022, serikali ya jimbo la Maryland nchini Marekani iliondoa sharti la shahada kwa maelfu ya nafasi zake za kazi, zikiwamo za teknolojia, ikakubali uzoefu na mafunzo ya aina nyingine. Hapa Tanzania, VETA huwapima mafundi waliojifunzia kazini, kama waashi na mafundi magari, na wanaofaulu hupewa vyeti.

Nasi tunalelewa kwa njia hiyohiyo. Kanuni ya 250 ya Sheria za Kanisa inadai walau miaka sita kamili ya falsafa na teolojia. Kanuni ya 1032 inataka shemasi aliyemaliza masomo ashiriki kwanza kazi za kichungaji kabla ya kupewa upadre. Kanisa linadai vyote viwili.

Basi parokia, shule au zahanati inapotafuta mtu wa kompyuta, tunashauri tangazo liseme "shahada au uzoefu unaothibitika". Siku ya usaili, kila mwombaji apewe kompyuta mbovu na saa mbili, kisha aeleze alichofanya na kwa nini. Na mwenye shahada asiye na uzoefu apewe miezi michache ya kujifunza chini ya fundi, kwa posho ya haki. Uzoefu hauanzi mpaka mtu mmoja akubali kumfungulia mlango.